Simu Niliyoikata Penye Vimulimuli

Dada Nekesa,

Habari za huko Kinoo? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo hautulii. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu hushiki tangu Jumamosi. Dada mmoja wa kanisani anasafiri kuja Nairobi kesho, ameniahidi kukupa barua hii mkononi. Tafadhali usiichane kabla hujaisoma.

Mama yuko vipi? Anakula? Ule mpira wa puani wameutoa? Hakuna anayeniambia kitu.

Wacha nikueleze nilikokuwa Jumamosi hiyo uliponipigia. Mtaa wetu huku Japani una kijito, na kila mwaka wenyeji hufanya sherehe ya kutazama vimulimuli. Ndiyo, wadudu wale wale tuliokuwa tunawafukuza kwa leso kijijini. Huku watu huvaa nguo nzuri na kuwapangia foleni. Jirani yangu wa chini, mama mzee, ndiye aliyenialika. Nilifurahi, maana kwa miaka miwili hakuna jirani aliyewahi kunialika popote. Tulikula tambi za kukaanga, na giza lilipoingia tukasimama kimya kando ya maji. Sheria ni moja tu: hakuna mwanga. Wazee wa mtaa walipita wakituomba tuzime simu, maana wadudu wakiona taa huacha kuwaka. Yangu sikuizima. Nilijua Mama yuko wodini.

Ikalia. Kwenu ilikuwa saa nane kasoro, saa ya kuona wagonjwa. Nilipoitoa, kioo kikamulika kila mtu, mtoto mmoja akaanza kulia, na jirani yangu akainama akiwaomba watu radhi kwa niaba yangu. Nikaona jina lako. Nikakata, nikaizima kabisa.

Nilipoiwasha nyumbani nikakuta umeandika: "Mum ameitisha simu mwenyewe. Alitaka tu kukuskia. Ukakata. Nimemwambia uko job." Halafu chini yake: "Saa hii haongei tena."

Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wangu hakukawia kuzaliwa. Nimeomba ruhusa ya kuja mara mbili, na msimamizi anasema ningoje apatikane mtu wa kushika zamu yangu. Sili, silali. Huku kwenye nyumba ya wazee nawaogesha mama za watu, nawalisha kwa kijiko, na wangu sikumpa hata dakika moja. Nimechoka, Nekesa, na sijui nifanye nini.

Nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Sikukata kwa sababu ya wadudu, wala aibu. Nilipoona jina lako nilidhani unapiga kuniambia amefariki. Nilitaka abaki hai mpaka nifike nyumbani.

Nisalimie shemeji, watoto, na mama mboga anayekushikia watoto ukiwa kazini Kileleshwa.

Na nakuomba, ukienda wodini nipigie, umwekee Mama simu sikioni hata kama hajibu. Usimwambie tena kwamba nilikuwa kazini. Mwambie niliogopa.

Mdogo wako ambaye simu haimtoki mkononi,
Naliaka