Jiwe la Kusugulia Vyungu

Nyololo, 3 Juni

Eveline mjukuu wangu,

Kamwene. Kifua kimepona? Mimi magoti yananiuma, ila mdomo mzima. Anayekuandikia ni jirani Sedekia, kwa simu yake. Nimemkataza kupunguza ukali.

Tangu urudi Mbeya silioni jiwe langu la kusugulia vyungu vibichi kabla sijavichoma. Nimepekua jiko lote, nimemsingizia hadi mbuzi. Hebu sema, mke mwenzangu, umelibeba?

Bibi yako


Mbeya, 4 Juni

Shikamoo bibi,

Kifua kimepona, baridi ya huko ndiyo ilinionea.

Jiwe ninalo! Nilitaka kukushtukiza. Nimenunua mashine ya kung'arisha mawe, ndogo ya nyumbani. Nimechagua yenye pipa la mpira, maana la plastiki lina kelele, wapangaji wenzangu wangenifukuza. Unatia mawe, maji na chenga kali za kusugulia, pipa linazunguka usiku na mchana kama wiki hivi. Kisha unatia chenga laini zaidi. Lako lilikuwa limechakaa, lina shimo ubavuni. Likitoka utajiona humo kama kioo.

Kesho naenda Usangu kikazi, huko mtandao wa shida. Mashine naiacha inazunguka.

Mjukuu wako Eveline


Nyololo, 5 Juni

Eveline,

Salamu utazipata ukiizima hiyo mashine. Zima!

Nani kakwambia limechakaa? Lile shimo ni dole gumba la mama yangu. Alisugua vyungu mpaka jiwe likamkubali, akaniachia, na dole langu likaingia palepale. Picha yake sina. Sauti yake imenitoka. Nilibaki na shimo hilo, na wewe umelitia kwenye pipa na mchanga wa dukani! Ungeniuliza, ungekufa?

Vyungu viko hapa vinaningoja. Vikikauka kabla sijavisugua vitavuja kama chujio. Sedekia ananiambia nipoe. Yeye aandike tu.

Mwambie mtu yeyote hapo kwenu achomoe waya.

Bibi


Mbeya, 13 Juni

Shikamoo bibi yangu,

Ujumbe wako nimeupata leo, nikiwa kwenye basi narudi. Nimefika nimechomoa waya, nimeliosha jiwe, nimefumba macho nikalipapasa kote. Hakuna kitu, bibi. Ni laini pande zote.

Samahani. Nikupigie?

Mjukuu wako


Nyololo, 20 Juni

Eveline,

Kamwene. Usinipigie, nitakutukana majirani wasikie. Siku zote hizi nilikuwa nalia, na Sedekia nilimfukuza na simu yake. Leo nimemwita tena.

Vyungu vilikauka. Nimevivunja, nimeloweka udongo upya. Nimeshuka mtoni na magoti yangu haya nikaokota jiwe jingine. Linaniuma mkono, halinijui.

Samahani haisugui chungu. Jumamosi njoo. Nitafoka kutwa nzima. Ukivumilia, Jumapili nitakuchinjia kuku. Na hilo jiwe ulilolinyoa lilete, utasugulia wewe. Usidhani nimesamehe, nimechoka kusugua peke yangu.

Ila usinionyeshe linavyong'aa. Ukishuka stendi, lipake udongo kwanza.

Bibi yako