Vidonge vya Zuhura na Simu ya Mumewe

Jumapili, jioni. Wingu limeikalia Kariakoo tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Joto la namna hii huwa linaniumiza kichwa, ila leo nadhani tatizo si joto.

Naogopa.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: mimi ni mfamasia kwenye duka la dawa la Mzee Kanti, si mbali na Mnazi Mmoja. Tangu maduka ya watu binafsi yaruhusiwe kupokea kadi za bima ya serikali, wateja hawakatiki dirishani. Bima ilipoanza kulipia na vidonge vya uzazi wa mpango, nilifurahi kama nimepandishwa cheo. Niliona sasa wanawake watachukua dawa zao bila kumpigia mtu magoti.

Zuhura alikuwa mmoja wao. Hilo si jina lake, na mengine pia nimeyageuza ili anayemjua asimtambue.

Amezaa kwa upasuaji mara tatu, watoto wote wa kike. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mimba nyingine inaweza kumuua. Mumewe, dereva wa ofisi moja ya serikali, alikuwepo na alisikia. Walipofika nyumbani akasema mtoto wa kiume anatoka kwa Mungu, hatoki kwa daktari. Kliniki ya mtaani kwao Zuhura hawezi kwenda, muuguzi wa pale ni wifi yake. Ndipo akaja kwetu na kadi aliyoandikishwa kama mke wa mwanachama, akawa anaondoka na vidonge vyake kavificha chini ya vitunguu kwenye kikapu.

Siku hizi kila kadi inapotumika, ujumbe unaenda kwenye simu ya mwanachama. Hilo hatukulijua, si yeye wala mimi.

Alhamisi mume akaja. Shati limepigwa pasi vizuri, sauti ya upole kabisa.

“Dada yangu, habari za kazi? Mke wangu huwa anachukua dawa gani hapa?”

“Samahani kaka, habari za mteja hatumpi mtu mwingine.”

“Hata mume?”

“Hata mume.”

“Kadi inasomeka jina langu.”

“Ni kweli, kaka. Lakini dawa ni za mgonjwa.”

Akatabasamu. Angetukana ningejua la kufanya. Nimeshatukanwa sana pale dirishani. Yeye alishukuru, akavuka barabara, akasimama chini ya kibaraza cha duka la vitenge akinitazama. Nilihudumia wateja wengi, na kila nikiinua macho nilimkuta pale pale.

Mzee Kanti alimwona pia. “Mwanangu,” akaniambia, “mambo ya mume na mke tusiingie.”

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, Zuhura akaja akihema.

“Kadi kaichukua, dada. Vidonge kavitupa chooni mbele yangu.”

“Amekupiga?”

“Wala. Hata sauti hakupandisha. Kasema kanisamehe. Jumapili ananipeleka Korogwe kwa mama yake, nikapumzike. Kachukua likizo, tutakaa wote huko. Watoto wanabaki na wifi.”

“Na wewe unataka kwenda?”

Akanitazama kama nimemuuliza jambo la kitoto. “Sijaulizwa.”

Kisha akauliza yeye kama ipo dawa isiyoonekana. Nikamwambia ipo sindano, na nikamweleza yote, mpaka kwamba hedhi inaweza kuvurugika. Akasema, “Twende.” Nikampeleka zahanati ya mtaa wa nyuma, kwa muuguzi ninayemwamini, akachomwa bila kadi. Mzee Kanti alikaa dirishani yeye mwenyewe mpaka niliporudi.

Wakati wa kuagana Zuhura aliniandikia namba yake, akaniambia ana kaka anayenadi samaki pale Feri, akanitajia na jina lake. Wamelelewa wawili tu, na kaka huyo hajui lolote. “Ikitokea…” akasema, halafu akafunga mtandio wake akaondoka.

Sindano ile itamkinga miezi mitatu. Baada ya hapo?

Nilijipa moyo. Nilijiambia labda kweli ni mapumziko, labda mama mkwe ana huruma. Leo mchana nikamwandikia Zuhura ujumbe mfupi wa kumtakia safari njema. Alasiri simu ikaita, namba yake. Nikapokea kwa furaha.

“Mmefika salama, shoga?”

“Tumefika, dada yangu.” Ilikuwa sauti ya mume. “Sauti ya pale dirishani naikumbuka. Kumbe mnajuana hadi simu.”

Nikamuuliza mkewe yuko wapi.

“Mke wangu amelala. Simu hii nitakaa nayo mimi. Ukiwa na neno naye, niambie mimi.” Akanishukuru kwa kumjali, akanitakia jioni njema, akakata.

Nimepiga tena. Haipatikani.

Sasa nimekaa hapa naandika, na kila nikiwaza polisi najiuliza nitasema nini. Mtu kamchukua mkewe kwenda kwa mama yake. Hajapiga, hajatukana. Watanicheka, halafu watamwita yeye, na kwa Zuhura itakuwa mbaya zaidi.

Amebaki kaka. Na hapo ndipo roho inaniuma, kwa sababu nilichomnyima mume siwezi kukigawa kwa kaka ati kwa kuwa yeye namdhania mwema. Hata kumjua simjui. Huenda naye anataka mpwa wa kiume.

Nimeamua. Kesho kabla ya kufungua duka naenda Feri, nitamuulizia mpaka nimpate. Nitamwamkia na kujitambulisha kuwa mimi ni rafiki wa dada yake. Habari za dawa sitazitaja. Nitamwambia tu: kaka, dada yako yuko Korogwe na simu hana, panda basi leo ukamwone kwa macho yako, na usirudi bila kuongea naye peke yake.

Akiniuliza kwa nini, nitamwambia akamuulize Zuhura.