Kisu cha Pili

Mpendwa Mama Nekesa,

Wewe umelala kaburini Bungoma, kando ya mama yangu. Mimi bado niko hapa nyumbani kwetu Saboti, karibu na Kitale. Kuna jambo nililokuficha maisha yetu yote: si wewe uliyeacha kuzaa. Ni mimi.

Unakumbuka alipozaliwa Nanjala, binti yetu wa tatu, ulivyotoka damu hadi midomo ikawa kama majivu. Daktari aliniita kando, akasema mimba nyingine ingekuzika. Uliporuhusiwa kutoka wodini, nilimrudia peke yangu, nikalala mezani, akanifunga mirija ya mbegu za kiume. Nikarudi nyumbani Saboti nikitembea kama bata, nikakwambia baiskeli imenitupa mtaroni.

"Mwalimu mzima, ati baiskeli?" Ulicheka kwa mara ya kwanza tangu ujifungue. Ukachemsha maji ya chumvi, ukanikanda goti ambalo halikuwa na jeraha.

Kupanga uzazi kulitufaa, siwezi kukana. Ulipata nguvu, ukalima vitunguu vyako, wasichana wote watatu wakasoma hadi walipotaka. Majirani walisema mwalimu amepanga nyumba yake. Lakini kila Krismasi tulipoenda Bungoma, sifa hizo ziliishia barabarani. Mama yangu alikuwa akikungoja jikoni na sufuria ya dawa ya mizizi ya kufungua kizazi.

"Mke wako amefunga duka na jua bado liko juu," aliniambia mbele yako. "Sasa mvulana wangu atatoka wapi?"

Ulikunywa. Ukatapika nyuma ya nyumba, ukafuta mdomo kwa leso, ukaja kuniuliza polepole, "Baba Nekesa, nimemkosea Mungu wapi?"

Nikasema tuombe. Tukapiga magoti, nikamwomba Mungu afungue kitu nilichokifunga mwenyewe.

Nimechoka, Mama Nekesa. Ningeenda na siri hii kaburini, ila Jumapili Nanjala alikuja kutoka Bumula, alikoolewa. Ana watoto wawili, na yeye na mumewe wamekubaliana kuwa hao wanatosha. Mama mkwe wake anatangaza sokoni kwamba msichana amerithi tumbo la mama yake.

"Baba," aliniuliza, "kwani mama alikuwa na shida gani?"

Hata hapo nilikohoa, nikaomba chai. Alipoondoka ndipo nikatafuta karatasi. Barua hii ni yako, lakini yeye ndiye atakayeisoma, na awasomee wakwe zake kwa sauti.

Lala salama. Safari yangu ya kuja kwako si ndefu tena, na sitaki kufika na uongo mdomoni. Miaka yote nilijiambia kwamba nilinyamaza ili usijione mzigo. Si kweli. Siku ya tohara nilisimama uani kwa baba, nimepakwa matope ya mto, kisu kikapita na sikupepesa jicho. Wenzangu wa rika wanaisimulia siku hiyo mpaka leo. Hata kisu cha pili, kile cha daktari, sikukiogopa. Niliwaogopa wao: kwamba wakisikia, wataniita maksai, fahali aliyehasiwa.

Kwa hiyo nikaacha wewe uitwe mti mkavu.

Mume wako,
Baba Nekesa