Kwa Klara, Uliyeandika Nisifunguliwe Geti

Klara mwanangu,

Nakuita mwanangu kwa mazoea tu, usijidanganye. Miaka miwili uliniita mama kutoka ng'ambo ya ukuta wetu hapa Lemara, na ulimi bado haujaacha.

Unakumbuka ulivyofika? Julai, unatetemeka ndani ya kigauni, unalalamika, "Mama, niliambiwa Afrika ni joto!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakuletea blanketi na chane mbili za ndizi za kupika, maana sisi Wameru jirani mpya hatumwendei mikono mitupu. Nikakufundisha kununua umeme kabla haujaisha na kuingiza zile namba kwenye mita. Nikakwambia ujaze tenki siku maji yakitoka, na maji ya kisima uyafulie tu maana yanaharibu meno, nikakuonyesha yangu ya kahawia ili uamini. Mtungi wa gesi ulikuwa unauogopa kama nyoka. Nikapaka povu la sabuni kwenye koki. "Ukiona mapovu yanavimba, inavuja. Yametulia? Pika." Ulinikumbatia, jamani!

Kubwa kuliko yote, nilikupeleka kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Ukamwamkia shikamoo kwa aibu, nami nikasema, "Huyu ni mgeni wangu." Ulidhani ni utambulisho tu. Kwetu ukishasema hivyo, kosa la mgeni linaletwa kwako. Ulipomwita Elibariki, fundi bomba wetu, mwizi, eti amekula hela na maji hayapandi, kumbe pampu umeizima mwenyewe, nani alikwenda kumwomba radhi? Mimi, na magoti yangu haya mabovu. Wewe hata hukujua.

Sasa sikia. Mwezi uliopita wameingia mke na mume kwenye nyumba yako ya zamani, wageni kutoka kwenu. Nikabeba ndizi kama kawaida yangu. Yule mke, binti mdogo tu, akapitisha mkono kwenye nondo za kidirisha cha geti, akazichukua, "Asante sana," akakifunga. Nikabaki nje natazama bati. Wiki iliyofuata akaja kwangu macho mekundu, akaniomba radhi, akanionyesha simu na kunitafsiria. Mwongozo wako, Klara, ule wanaosoma wageni wanaohamia Arusha. Umeme umo, tenki limo, povu la sabuni limo, maneno yangu yaleyale. Halafu chini yake: "Wiki ya kwanza atakuja jirani na ndizi. Zipokee, ila usimfungulie geti. Watu wa hivyo huwa wana shida zao."

Shida zipi? Nitajie hata moja niliyowahi kukuletea! Niliumia, sikufichi. Nililia jikoni nikasingizia vitunguu. Kisha machozi yakakauka nikabaki na hasira, na hasira naona inanifaa zaidi.

Juma lililopita ukaniandikia kwamba unarudi: "Mama, nitafutie nyumba palepale." Loh! Una moyo wewe. Nimekwenda kwa balozi, nikasema mbele ya mkewe, "Klara si mgeni wangu tena." Nikapita kwa Elibariki, kwa mama wa mboga, kwa muuza gesi, nikarudia hivyohivyo. Hakuna aliyeniuliza sababu. Utahudumiwa, usiogope, hapa hatufukuzi mtu. Lakini fundi atakuja siku anayotaka yeye, na ukimkosea mtu utakwenda mwenyewe kujieleza, kama utaijua nyumba yake. Yule binti nimempeleka kwa balozi juzi. Mwongozo wako ameufuta kwenye simu mbele yangu, nami nikafurahi kama mtoto, Mungu anisamehe. Siku hizi Jumapili anashinda kwangu.

Nyumba nimekupatia, ya pili kutoka kwangu. Nilitaka uwe karibu.

Wiki yako ya kwanza nitakuja na ndizi. Nitabisha hodi, na nakujua, utatoka mbio, utafungua geti lote, "Mama! Karibu ndani!" Nitasimama hapohapo nje. Nitakwambia, "Funga kwanza, mwanangu. Nikupitishie kwenye nondo, kama ulivyoandika."

Safiri salama, nakusubiri kwa hamu.

Ni mimi,
jirani wa ndizi