Pini za Gauni la Hester

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nikiachiwa akili yangu peke yake nitafanya jambo la aibu.

Mimi na shoga yangu Hester tuko kwenye kikundi kinachoshona mavazi ya enzi za wafalme wa Tudor, wa Uingereza ya kale, na hapa kwetu Norfolk kuna jumba la kale lenye picha ya bibi mmoja aliyechorwa akiwa na gauni la mahameli nyekundu, sasa mwaka huu wenye jumba wakatuomba tulishone gauni lile lile, basi majira yote ya baridi tumeshona jikoni kwangu, yeye gauni, mimi mikono yake, nikidarizi kwa uzi mweusi mpaka macho yananiwasha, na gauni lilikatwa kwa vipimo vya mwili wangu, mshauri, wangu mimi, kisha Bi Lavinia mwenye jumba akaja kunywa chai, akaziona nywele nyekundu za Hester na lile paji lake la uso, akapiga ukelele, “Jamani, si ndiye huyu wa pichani!” na Hester badala ya kukataa akajishika mashavu, “Mimi tena? Aa, jamani!” huku meno yote nje, na wiki ile ile gauni likapunguzwa kiuno limtoshe yeye.

Sasa Jumamosi atalivaa mbele ya wageni pale jumbani, na anataka nimvishe. “Shoga, nani mwingine? Wewe ndiye unayelijua.” Mikono ile haishonewi kwenye gauni, hubanwa kwa pini tu, na mvaaji hawezi kujibana mwenyewe, hivyo pini chache nikiziegesha, mkono wa gauni utamchomoka mbele ya wageni katikati ya maringo yake, na hilo nalifikiria nikiosha vyombo, nikimtembeza mbwa, hata kanisani. Tena mishono ya ndani kaipitisha cherehani, wakati tulikubaliana kushona kwa mkono! Nimwumbue, au nisiende kabisa?

Muriel, roho inaniuma

MSHAURI ANAJIBU:

Muriel, pole, tena pole ya kweli. Kukatiwa gauni kisha ukaliona linapunguzwa kwa ajili ya mwingine kunauma, na Hester alikosa adabu. Angekugeukia pale pale akuulize.

Lakini hiyo ya cherehani imeingiaje hapa? Mlikuwa jiko moja msimu mzima hukufungua mdomo, leo gauni limempendeza ndiyo unakagua mishono? Acha hizo! Na mkono ukianguka, dada yangu, itakayodharauliwa ni kazi yako. Wageni watasema mikono ilishonwa ovyo.

Hester hajui umeumia, kwa sababu umekaa unamchekea na kummiminia chai. Mpigie simu leo, usimtumie ujumbe. Mwambie, “Gauni lile nililitaka mimi, na ulipokubali bila kuniuliza uliniumiza.” Atalia, utalia, mtapatana au hamtapatana. Ukiona bado una hila moyoni, mwambie mapema atafute mwingine wa kumvisha. Ukienda, mbane sawasawa.

Kisha usikimbilie jikoni kuosha vikombe. Simama ukumbini, bega kwa bega naye, chini ya picha. Na mgeni akiishangaa ile darizi nyeusi, akauliza ni kazi ya nani, usingoje Hester akutaje. Jibu mwenyewe, kwa sauti: “Yangu.”