Orodha ya Kahawa Ukutani

Mjukuu wangu Mwenda,

Hapa Kanyakine hatujambo, na goti la nyanya yako limepoa. Kuhusu programu ya kompyuta unayoiandika, umeuliza kama aina za mbegu uzifungie ndani ya jedwali la wakulima au uzipe jedwali lake.

Nilipokuwa karani wa kiwanda cha kahawa, kadi za wakulima zilichapwa zikiwa na aina mbili tu za kahawa. Ruiru 11, aina mpya isiyoshikwa na ugonjwa kirahisi, ilipoingia, haikuwa na nafasi kwenye kadi; nilimwandikia mkulima mmoja, Mama Karimi, aina ya zamani, akapewa dawa asiyoihitaji.

"Karani, huo mti umeuona wapi kwangu?" akaja kuniuliza.

Niliaibika. Tukabandika orodha ukutani, kila aina na nambari yake, na kadi zikabeba nambari tu. Aina mpya ikija, tuliongeza mstari.

Nawe zipe aina jedwali lake. Aina iliyong'olewa mashambani usiifute, andika kando "haipandwi tena". Kadi za watu tuliokwisha kuwazika bado zinaitegemea.

Babu yako