Ushuhuda kwa Nusu Kasi

Kisaju, Alhamisi, jioni.

Baridi ya Julai bado haijaachilia. Upepo unakuja na barabara ya Namanga bila kitu cha kuuzuia, unapita chini ya mlango wangu kama mtu aliye na funguo. Leo nilikuja nyumbani kula chakula cha mchana na sikurudi dukani. Chakula cha kuku kitauzika hata nisipokuwepo.

Nina aibu. Chini ya aibu kuna kitu kingine laini ambacho sijui nikiite nini, kwa hivyo wacha nianze na hesabu, maana hesabu hainisumbui.

Watoto wa mamangu ni wanne. Anayejua dawa zake ni mmoja. Anayejua kwamba sikio lake la kulia limekwisha na la kushoto liko na kama nusu, ni huyo huyo mmoja. Simu kubwa ya kioo kipana ilinunuliwa na nani? Na alipoanza kulalamika kwamba watu wa kwenye video wanaongea kama wanafukuzwa, nani aliketi naye kwenye kochi akatafuta pale pa kurekebisha? Duka nililianza na trei moja ya mayai ya kuchemsha pale stendi ya Kitengela. Hakuna aliyenifundisha, na hata hayo mambo ya simu nimejifundisha mwenyewe.

Kwanza nilijaribu manukuu, yale maneno yanayojiandika chini ya video. Mamangu anasoma vizuri akivaa miwani. Lakini ile mashine ilidhani mchungaji anaongea Kiingereza, na kila akisema "Bwana asifiwe" ilikuwa inaandika kitu cha banana. Maitu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, akaniuliza siku hizi kanisa limeanza kuuza ndizi lini. Nikayazima.

Ndipo nikaenda kwenye kasi. Nikaiweka robo tatu. Akasema ni afadhali, lakini bado wanakimbia. Nikaishusha hadi nusu. Nikapiga hesabu: mahubiri ya dakika arubaini yatachukua dakika themanini, na muda ni kitu ambacho Maitu anacho. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema sasa huyo mchungaji wa Illasit ni mtu mpole sana, anakupa nafasi ya kuelewa. Nikaiacha hapo, na kwenye simu yake ukishaiweka inakaa hivyo. Nikarudi zangu dukani nikijisifu.

Wiki mbili zikapita.

Sasa niandike kuhusu ndugu yangu. Njoroge analima nyanya huko Illasit, chini kabisa ya mlima, na kanisa lake ndilo la yule mchungaji. Maitu hamwiti Njoroge. Yeye ndiye kijana wa pili, kwa hivyo kwa desturi yetu alipewa jina la babake Maitu, na tangu akiwa mtoto mchanga anamwita "Baba". Mimi nilibeba jina la mama mkwe wake, kwa hivyo mimi ni Wanja tu. Hayo nayo ni ya siku nyingine.

Njoroge alikunywa pombe miaka mingi. Hakunywa kama watu wengine, alikunywa hadi shamba la Maitu likapungua kutoka upande wa barabara. Halafu akaacha. Ameacha kwa miaka mitatu, na kwa miaka yote hiyo mitatu Maitu amekuwa akimwongelesha vile unavyobeba yai, kwa viganja viwili, bila kukaza. Alikuwa anamjulia hali na kumuuliza kuhusu nyanya. Kuhusu pombe hakuuliza kamwe, naye Njoroge hakusema.

Ijumaa iliyopita alipiga simu. Alisema kanisani wamempa nafasi ya kutoa ushuhuda, na kwa sababu ibada yao huwekwa kwenye mtandao, Maitu ataiona. "Maitu, Jumapili usikose," alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu ndani. Maitu alivaa kitambaa chake cha kanisa Jumapili hiyo akaketi kwenye kochi la nyumbani kwangu, anakoishi. Mimi nilikuwa dukani.

Niliporudi nilimkuta amelaza simu kifudifudi juu ya meza. Nikamuuliza ushuhuda ulikuwaje. Akasema anaumwa na kichwa.

Jumatatu Njoroge akapiga, hakuchukua. Jumanne vilevile. Nilidhani ni mlio wa simu hausikii, nikaupandisha. Jana akanipigia mimi nikiwa kaunta. Akaniuliza amefanya nini. Kwamba Maitu hachukui simu yake tangu Jumapili, na Jumapili ndiyo siku alisema kila kitu. Nikamwambia nitauliza.

Nikauliza. Maitu alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Njoroge alisimama mbele ya madhabahu akiwa amelewa," alisema. "Nilimwona kwa macho yangu."

Alisema Njoroge. Hakusema Baba. Nilijua ni mbaya.

Na mimi niliamini.

Nataka hilo likae peke yake kwenye mstari wake, kwa sababu leo mchana kutwa nimekuwa nikilizunguka. Sikusema hebu nione hiyo video. Mimi, ambaye nahesabu magunia mara mbili kabla ya kuweka sahihi ya mzigo, sikuangalia. Na ukiniuliza ni kwa nini, ni kwa sababu kuna sehemu yangu ndogo iliyokaa vizuri kwenye kiti iliposikia. Miaka mitatu kila mtu anasifu vile Njoroge amebadilika. Mimi sijawahi kubadilika, kwa hivyo hakuna cha kusifu. Sasa hesabu ilikuwa imerudi mahali pake: mtoto mzuri, mimi.

Nikampigia. Nikamwambia, "Wewe unajua ulichofanya."

Nikasikia upepo wa huko kwake. Halafu akasema, "Sawa, Wanja," polepole kabisa, akakata. Jioni nilimpigia tena, simu ilikuwa imezimwa. Asubuhi pia ilikuwa imezimwa.

Mtu aliyeacha pombe, umwambie hivyo, halafu azime simu. Nilipika ugali wa leo mchana simu ikiwa kando ya sufuria.

Baada ya kula nikamwambia Maitu anionyeshe. Hakutaka. Nikamwambia nataka nione mwenyewe ndipo nijue nitamwambia nini. Akaisukuma simu upande wangu na kugeuza uso dirishani.

Njoroge amesimama. Amevaa koti la kahawia nililomnunulia mimi. Anafungua mdomo, na neno la kwanza linatoka kama gunia linaloburutwa kwenye simiti: "Bwaaanaaa aaasifiiiweee." Macho yake yanafunga taratibu na kukaa yamefungwa. Mkono unapanda kama una matope. Ilikuwa sauti ile niliyoifungulia mlango usiku miaka mingi.

Halafu mtoto wa mtu akapita nyuma yake. Mtoto mdogo wa kike, anakimbia kwenda nje, lakini anakimbia kama aliye ndani ya maji. Mguu unapanda, unafikiria, unashuka. Waimbaji nao wakapiga makofi, na hayo makofi nayo yalikuwa yamelewa.

Nikagusa kioo. Pale juu, kando ya alama ya mipangilio: 0.5.

Kisha nikamwambia Maitu kwamba ni mimi. Kwamba ile kasi niliyomwekea ya mchungaji, nimemwekea na Njoroge pia. Hakuelewa. Akasema mbona mchungaji hajalewa, na anaongea hivyohivyo. Nikairudisha kasi ya kawaida, nikamchezea mchungaji kwanza. Mchungaji akatoka mbio, maneno yanakanyagana, jasho, kitambaa cha mkononi, mate. Maitu akasogea karibu na kioo.

"Huyu ni mwingine," akasema.

"Ni yuleyule, Maitu. Hivi ndivyo anavyoongea."

Alimwangalia kidogo akiwa na huzuni. Nadhani alikuwa anampenda yule wa kwanza.

Lakini nilifikiria kitu wakati huo ambacho bado kinaniuma. Mchungaji alipoburuta maneno, Maitu aliona mtu mpole. Mwanawe alipoburuta maneno hayohayo, kwa kasi hiyohiyo, aliona mlevi. Simu haikumdanganya yeye peke yake. Ilipata mahali palipokuwa pameshatengenezwa, ndani yake na ndani yangu.

Kazi ikawa ni kumfanya amsikie mwanawe kwa kasi ya kweli. Nikaingia kwenye mipangilio ya simu yenyewe, ile sehemu ya ufikivu ambayo wengi hawafungui. Kumbe kuna pale unaposhikanisha sauti za pande zote mbili ziwe moja, na kuna mstari unaousukuma kwa kidole ili sauti yote iende kwenye sikio moja. Nikaisukuma yote kushoto. Wiki mbili nimekuwa nikipunguza kasi ya dunia nzima, na shida ilikuwa kwamba nusu ya sauti ilikuwa inaingia kwenye sikio lililokufa. Nikamtafutia zile spika za masikioni za waya, nikamwekea chini ya kitambaa. Nikamwonyesha akikosa neno agonge kioo mara mbili upande wa kushoto, inarudi nyuma sekunde kumi. Mikono yake ni ya kupalilia, inagonga kwa nguvu. Lakini ilikubali.

Halafu Njoroge akaanza kuongea, na mimi sikuwa nasikia kitu, kwa sababu sauti yote ilikuwa kwake. Nilikuwa namwangalia uso tu. Akagonga mara mbili. Akasikiliza. Akagonga tena. Akarudia pahali hapo mpaka nikajua ni pahali pamoja, kwa sababu mdomo wa Njoroge ulikuwa unafanya kitu kilekile. Mwishowe akachomoa spika moja akanipa, ile ya kulia, ambayo haikuwa na sauti. Nikamwomba ya kushoto.

Alikuwa anasema hivi: "Mamangu, siku ile nilikuja asubuhi nikiwa na matope mpaka kwa masikio, uliniketisha jikoni ukanipa uji. Hukuniuliza nimetoka wapi. Hiyo ndiyo siku niliacha."

Maitu alisema hakumbuki huo uji. Alisema alimpa uji asubuhi nyingi.

Tukampigia, simu imezimwa. Tukakaa. Nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Jua lilipoanza kuteremka upande wa mizani ya ng'ombe pale sokoni, simu ya Maitu ikalia, na ilikuwa yeye. Alikuwa shambani anapiga dawa ya nyanya, chaji iliisha jana, na stima huko hupotea inavyotaka. Hivyo ndivyo alivyosema. Maitu alishikilia simu kwenye sikio la kushoto kwa mikono miwili.

"Baba," akamwambia, "haikuwa wewe. Ni simu ilikuwa imelewa."

Nilisikia Njoroge akicheka hadi nilikokuwa nimesimama. Alicheka, kisha akawa hacheki, na Maitu akawa anaitikia tu "ĩĩ, ĩĩ", kama vile mtu anabembeleza mtoto alale. Hakuna aliyemweleza kuhusu nusu wala robo tatu. Walianza kuongea kuhusu uji.

Nilipopewa simu nilimwomba msamaha kwa yale ya jana. Nilikuwa nimejiandaa anigombeze. Akaniambia yameisha. Kisha akasema, kama anayetaja bei ya nyanya, kwamba jana jioni alitembea hadi senta, akafika kwa mlango wa ile baa anapojulikana. Alisimama. Halafu akanunua mkate dukani jirani akarudi nyumbani. "Nilikuwa nakosea tu mlango, Wanja," akasema, na kucheka kidogo ili nisilie.

Sitaandika mengi kuhusu huo mlango. Najua umbali wa kutoka kwa sentensi yangu hadi pale. Ni mfupi.

Baadaye, Maitu akiwa ameenda kulisha mbuzi, nilivaa spika nikasikiliza ushuhuda wote, mwanzo hadi mwisho, kwa kasi ya kawaida. Wacha niseme ukweli, hapa ndipo pa kuusemea. Nilikuwa natafuta jina langu. Niliyemlipia kule alikolazwa, niliyemtoa korokoroni, koti lenyewe alilovaa. Amemtaja Maitu. Amemtaja mchungaji. Amemtaja jirani aliyemkopesha pampu ya maji, na ng'ombe wa huyo jirani. Mimi sikuwemo. Nilirudisha sekunde kumi mahali nilipodhani labda nimepitwa. Sikuwa nimepitwa.

Maitu alinikuta bado nimeshika simu. Bila miwani hawezi kuniona vizuri, na hawezi kunisikia vizuri, na bado alijua. Akaketi, akakunja leso yake magotini.

"Hakukutaja," akasema. "Hata mimi niliona."

Nikamwambia si kitu.

"Mimi nakutaja kwa maombi. Kila jioni, kabla ya kuwasha taa. Naanza na wewe, halafu wengine wanafuata." Akafikiria kidogo. "Ni vile huwa bado uko dukani."

Kwa miaka yote nilidhani saa hizo huwa amelala.

Kesho duka litafungwa saa kumi na moja. Nitaketi nje ya mlango wake kwenye hii baridi, na nitasikiliza kwa kasi yake mwenyewe, mpaka afike mwisho wa majina.